Kiazi Ndani ya Jivu

Kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka kabla ya alfajiri, taratibu, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Bi. Zamda alikisikia akiwa kitandani. Akasikia pia mkamwana wake, Mwasiti, akikimbilia jikoni miguu peku kukiinua ili kisimwamshe mama mkwe. Mwasiti alifanya hivyo kila siku, na kila siku Zamda alikuwa macho tayari, lakini hakuwahi kumwambia. Aliona vibaya kumharibia mtu wema wake wa kunyata.

Ila leo harufu iliyoingia chumbani ilimfanya avute shuka hadi puani. Vilikuwa viazi vitamu.

"Mama, umeamka?" Mwasiti aliita kwa sauti ya chini alipoona taa. "Leo si ndiyo siku ya yule bibi Havijawa? Kula kabisa kabla hujaenda. Watu wanasema atalia huyo, ataangua kilio, maana mtoto wake mmepata kumrudisha."

"Hatujamrudisha mtu," Zamda alisema.

"Haya, mmemwotesha. Mimi maneno yenu ya mitambo siyajui. Ninachojua, mama mkwe wangu ndiye aliyelirudisha bonde." Akaweka sahani mezani, akavimenya viazi mwenyewe kwa sababu vidole vya mkwewe viliuma asubuhi.

Zamda akanywa chai tu. Viazi alivisogeza upande wa Mwasiti.

*

Nyumba ya Kama ilijengwa mwisho wa mji wa Mkumba Juu, pale uwanda unapoishia na bwawa linapoonekana lote, jeupe na tulivu. Chini ya maji yale ndiko walikozaliwa wazee wa mji. Miaka zaidi ya sitini iliyopita waliambiwa wabebe walichoweza, wakapandishwa kambini, na bonde likajazwa maji kwa ajili ya umeme.

Wajukuu wao ndio walioleta mtambo. Waliulisha kila kitu kilichojulikana kuhusu bonde: mvua za kila mwaka, mipaka ya mashamba, majina ya watu, nani aliolewa wapi na nani alikuwa hasalimiani na nani. Kisha wakauambia jambo moja la uongo, moja tu: wapimaji wa bwawa walikuja, wakatazama, wakaondoka, hawakurudi. Haya, endelea. Mtambo ukaendelea. Ukaotesha mwaka juu ya mwaka, watu wakaoana na kuzaa na kugombania mipaka, hadi ukafika leo. Mtu akivaa kofia ya nyuzi na kuketi kwenye kiti, aliingia bonde ambalo lingekuwepo leo kama lisingejazwa maji; ndiyo hiyo Kama ya jina la nyumba. Kama huko ndani alikuwa hai, aliingia mahali pake mwenyewe, na watu wa ndani hawakujua tofauti.

Ukutani palikuwa na sheria ya nyumba ile, herufi kubwa: KABLA YA NJIA PANDA, USIONGEZE WALA USIPUNGUZE. Njia panda ilikuwa siku ile wapimaji walipogeuka. Baada yake, mtambo uko huru. Kabla yake, kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, hata harufu ya mchuzi.

Bi. Zamda ndiye aliyekuwa mweka desturi. Kwa miezi mingi alikaa mbele ya kinasa sauti akiueleza mtambo jinsi watu walivyozika, walivyoposa, walivyogawana maji ya mfereji. Alipita chini ya sheria ile kila asubuhi. Siku hizi alipita akitazama viatu vyake.

Havijawa alikuwa ameshafika, kavaa kitenge kipya, fimbo mapajani.

"Shikamoo, dada," Zamda alisema.

"Marahaba. Umenenepa, Zamda. Au ni hilo koti?"

"Ni koti, dada."

"Usinidanganye, mimi macho ninayo." Akacheka, akajiinua kwa fimbo. "Twende basi kabla sijabadili nia."

Lukoa, fundi mkuu wa mtambo, alimfunga kofia taratibu. Aliona kilemba cha Havijawa ni cha kupendeza na kimefungwa kwa kazi, basi badala ya kukiondoa akaifumua kofia na kuipitisha chini yake. Ilimchukua muda, na hakulalamika. Kisha akamfunga Zamda kofia ya pili.

*

Walitokea kwenye ua uliofagiliwa. Mfereji ulipita kando ya migomba, na mwanamke mnene wa umri wa miaka sitini na kitu alikuwa akipepeta mbaazi, ushungi umemwendea upande.

"Mama! Leo mapema hivi?" aliita bila kuacha kupepeta. "Na mama mdogo Zamda naye huyo. Mnanyemelea ua wa watu kama wezi wa kuku. Shikamooni."

"Marahaba, Chausiku," alijibu Zamda.

Havijawa alitembea hadi pale, akainama kwa shida, akausogeza ule ushungi. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kijitundu kidogo cha kuzaliwa nacho, kama kilichotobolewa kwa sindano.

"Unatafuta nini, mama? Nina masizi?"

"Hapana," Havijawa alisema. "Huna kitu."

"Basi kaa, usinisimamie." Chausiku akamsogezea kigoda, na kwa mguu akamfukuza kuku aliyekuwa karibu na fimbo asije akamkwaza. Havijawa akaketi. Alimtazama yule mwanamke jinsi mtu anavyotazama moto, bila kupepesa.

Ndipo kipaza sauti kikalia huko barabarani. "Kila kaya kiazi kimoja! Kilichoiva! Kisicho na nyuzi! Kamati haitapokea kiazi kibichi!"

"Ee Mungu, nilisahau," Chausiku akasema, akatupa ungo. "Binti wa jirani amerudi kwao jana, kamkimbia mume. Anamwagiwa jivu leo. Njooni, mama, msinikoseshe, mwenyekiti wa Kiazi ana mdomo yule."

Nyumba ya pili, msichana alikuwa ameketi kando ya mlango, kidevu mkononi. Ndivyo ilivyokuwa bondeni tangu zamani: mwanamke aliyemwacha mume bila kufukuzwa alikaa mlangoni kwa wazazi wake tangu asubuhi hadi jua kuzama, na majirani walipita mmoja mmoja na jivu la meko wakalimwaga miguuni pake. Ilikuwa aibu yake. Hakupewa chakula mchana kutwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi.

Na ndani ya desturi palikuwa na siri ambayo haikusemwa kwa sauti. Aliyempenda yule mwanamke alichoma kiazi, akakificha ndani ya jivu. Jua likizama, yule aliyeaibishwa alichambua jivu lake, akala.

Lakini huku hakuna aliyeficha kitu. Watu walipanga foleni. Mwanamke mmoja mwenye uso uliokunjamana alimwaga jivu lake kwa nguvu, kiazi kikabingirika wazi. "Haya, chukua," alisema. "Nisije nikaambiwa sikuleta." Nyuma yake mzee mmoja alikuwa akilumbana na mwenyekiti kuhusu ukubwa. Msichana alikuwa na lundo la viazi mbele yake, na mbuzi wawili walikuwa wameshaanza kula.

"Mwenzangu, hivyo vyote utavimaliza?" Chausiku alimtania.

"Nimeshiba tangu saa tatu, shangazi. Nataka kwenda kulala tu."

Chausiku akacheka hadi mabega yakatikisika, akamgeukia mama yake. "Si kama wewe ulivyokuwa, mama? Umenisimulia mara ngapi. Ulipokimbia kwa baba, mimi nanyonya, ulivipata vingi mpaka ukawagawia watoto. Ukasema ndivyo maziwa yalivyorudi."

"Nilikwambia hivyo?" Havijawa aliuliza.

"Unazeeka, mama. Kila mwaka unaniambia."

Havijawa akamgeukia Zamda, na Zamda akatazama jivu.

*

Walipotoka, Lukoa alikuwa na chai tayari, ya maziwa, na alikuwa ameipoza kidogo kwa kuimimina kikombe hadi kikombe. Furaha ilimjaa uso.

"Umemwona, bibi? Wewe ulitueleza alifariki kambini, baada ya kuhamishwa. Basi ona sasa. Lisingekuwepo bwawa, mngekuwa mnapepeta mbaazi wote wawili. Shule zitakapoanza kuletwa, huo ndio ua wa kwanza watakaoonyeshwa."

"Ndivyo nilivyowaeleza," Havijawa alisema. "Kambini."

Akainywa chai yote kwa sababu kijana wa watu alikuwa ameihangaikia. Hakumtazama tena Zamda. Mjukuu wake alipokuja kumchukua, alitoka akiwa amejiinamia, kama mtu aliyeona mwenzake yu uchi na hajui aseme nini.

Zamda alibaki kitini. Waliobaki duniani wakijua walikuwa wawili tu, Havijawa na yeye, aliyeambiwa na mama yake. Chausiku hakufia kambini. Alizikwa kando ya barabara ya kwenda Kidete, kichanga, msimu mzima wa mavuno kabla mpimaji yeyote hajakanyaga bondeni. Hakuuawa na bwawa. Kwa hesabu ya mtambo angepaswa kuwa amekufa, iwe bwawa limejengwa au halikujengwa.

Alikumbuka vizuri alivyofanya. Alikuwa amesema kwenye kinasa sauti, "Na ndani ya jivu, kiazi." Mtambo ukauliza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Kila mmoja, au baadhi?"

Swali dogo. Akaiona asubuhi ile ya utotoni, mama yake amechuchumaa mekoni. Akajibu, "Kila mmoja." Halafu akaenda kula chakula cha mchana.

*

Hakulala vizuri, na jua lilipopanda alienda nyumbani kwa Havijawa. Alimkuta barazani anachambua kisamvu.

"Nilijua utakuja," Havijawa alisema. "Kaa. Chambua na wewe, usikae unanitolea macho."

Zamda akachukua fungu la majani.

"Mtambo haukukosea, dada. Ni mimi. Niliuambia kila mtu alitia kiazi."

"Kila mtu?" Havijawa akatoa kicheko kikavu. "Ungempa mama yako ningeelewa. Umempa hata mama yake Kibena!"

Kibena alikuwa ndiye mume aliyekimbiwa na Havijawa. Ndiye aliyegawa zamu za maji ya mfereji. Alipita nyumba kwa nyumba usiku wa kuamkia siku ile ya jivu, hakutisha mtu, aliuliza tu hali ya mpunga. Watu wakaelewa.

"Nimeona huko ndani wanavyogombana kwa ukubwa wa kiazi," Havijawa akaendelea. "Mmefanya kama kodi. Yule binti alikuwa na viazi lundo na sikuona aliyemwuliza kama kichwa kinamuuma."

"Mama yangu alikichoma," Zamda alisema. "Nilimwona. Kilikuwa ndani ya kikaango cha jivu tayari. Kisha akasimama mlangoni, akatazama shamba letu, akarudi. Akakitoa. Akasema, 'Kula wewe.' Nikakila, dada. Mwaka ule tulipata maji, tukavuna vizuri, nikashonewa gauni."

Havijawa aliacha kuchambua.

"Kilikuwa kitamu?"

"Kitamu."

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa nafikiri alikitupa."

Zamda akaanza kulia, kimya, na Havijawa akamwacha alie. Hakumbembeleza, ila alichukua lile fungu la majani mapajani mwake ili lisilowe.

"Nilijua kilikuwepo," Havijawa alisema baadaye. "Siku ile palikuwa na upepo. Wengine walimwaga jivu kama watu wanavyomwaga maji machafu, likaruka lote, mtoto anakohoa. Mama yako aliinama mpaka chini. Akalimwaga kidogo kidogo. Na mkono wa pili akauweka juu ya uso wa Chausiku mpaka vumbi likatulia. Hakunitazama. Mkono wake ulinuka kiazi. Nikajua kilikuwepo na nikajua kimetolewa." Akavuta pumzi. "Huko ndani kwenye mtambo wako sikuuona mkono ule. Hakuna anayeinama. Wana viazi, wainame wa nini?"

"Sikuujua huo mkono."

"Utaujuaje, na wewe ulikuwa ndani unakula." Halikuwa tusi, lilitoka tu. "Lakini nisikilize. Mkono si chakula. Nimeukumbuka miaka yote hii, na bado si chakula. Jua lilipozama nililichambua jivu la kila nyumba, mpaka chini. Nikaondoka. Baba na mama yangu hawakunizuia, nao walikuwa na mpunga. Maziwa yalikatika njiani. Palikuwa na mtu anatengeneza barabara, simjui hata jina, akaniazima sepetu yake, akaenda kusimama mbali akanipa mgongo ili nisione haya."

Kuku walikuja kwenye mabua ya kisamvu, hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini ulisema kambini?" Zamda aliuliza.

"Kambini walifiwa wengi. Ukisema bwawa limekuulia mwana, watu wanakaa wanalia na wewe. Ukisema ulikaa kutwa kwenye jivu na hapakuwa na hata mmoja aliyekutilia kipande, watu wanakutazama. Hawasemi. Wanajiuliza ulikuwa mtu wa namna gani." Akajifunika kanga mabegani ingawa jua lilikuwa kali. "Hata wanangu niliowazaa baadaye hawajui. Niliona haya, Zamda. Niliona haya kuliko wao."

Zamda akafuta uso. Akamweleza kilichobaki, maana ilikuwa lazima alijue. Akisema ukweli mbele ya kamati, sheria ni moja: mtambo utaoteshwa upya kuanzia pale penye uongo. Miaka yote ya ndani itafutika na kuota mingine, na katika hiyo mingine mtoto atakuwa amekufa barabarani kama alivyokufa. Yule mwanamke wa mbaazi hatakuwepo. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Havijawa ataweza kwenda kumwona kila wiki hadi mwisho wa maisha yake.

"Niambie wewe, dada. Niseme au niache?"

Havijawa alinyanyuka, bila fimbo. "Ah! Ah! Usinibebeshe! Nilimzika mara moja kwa mikono hii, leo unakuja barazani kwangu unanipa sepetu tena? Uliyetia ni wewe. Utakayetoa ni wewe, na utakayeacha ni wewe. Mimi nitakulaumu vyovyote utakavyofanya. Umesikia? Vyovyote."

"Nimesikia, dada."

"Usije ukasema Havijawa aliniambia."

"Sitasema."

Akaketi tena. Akachambua majani mawili. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, akiyatazama majani: "Yule ni mwema. Ana mdomo mchafu, nimempenda. Lakini wangu ana barabara yake ile, na shimo lake, na yule mtu na sepetu yake. Hicho tu ndicho alichopata hapa duniani. Watoto wa shule wakimwona yule, wangu hata kufa atakuwa hakufa."

Zamda alimaliza kuchambua fungu lake. Hakuaga kwa maneno mengi.

*

Kamati ya wazee ilikutana kwenye ukumbi mdogo wa Nyumba ya Kama. Zamda alisimama, akasema. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema yeye ameuvunja mwiko ulioandikwa ukutani, akaeleza swali la mtambo na jibu alilotoa, akaeleza kiazi cha mama yake kilivyoingia tumboni mwake. Kuhusu mtoto, alisema tu kwamba hesabu ya mtambo juu yake si sahihi na kwamba habari zaidi ni za mama yake mtoto, akitaka.

"Mama yangu alitia kiazi!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma. "Usituingize wote kwenye uchafu wa kwenu!"

"Inawezekana alitia," Zamda alisema. "Siku nyingine. Kwa mtu mwingine."

"Siku ile hakutia mtu." Aliyesema hivyo alikuwa mzee Mloka, mwenyekiti, na alisema bila kuinua kichwa. "Kwetu tulikuwa na mpunga wa kupandikiza. Baba alimkataza mama. Nilikuwa mkubwa, nilisikia."

Mtu mmoja akakohoa. Wengine wakaanza kutazama dirishani, kila mmoja mahali pake, wasigongane macho.

"Sasa tuwaonyeshe watoto nini?" Mloka aliuliza hatimaye. "Miaka yote tumewaambia tulikuwa watu wa kupendana na bwawa ndilo lililotuvunja. Tukawaambie tulikuwa wanyama?"

"Wanyama hapana. Tulikuwa waoga," alisema Zamda. "Na woga ule ulianza kabla ya bwawa."

"Na hawa wa ndani?" Lukoa aliuliza. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono kati ya magoti. "Wanacheka, wanaugua meno. Nawasikia kila siku. Hawana kosa hawa."

Zamda alimgeukia Lukoa. Jibu la swali hilo alikuwa amelitafuta tangu barazani kwa Havijawa. "Najua," alisema. "Kosa ni langu na watakaolipa ni wao. Sina cha kusema kitakachofanya hilo liwe sawa. Ila siwezi kumfuta mtoto aliyekuwepo ili abaki ambaye hakuwepo."

Wakaamua kwa kunyoosha mikono, na mikono mingi ilipanda nusu nusu. Mtambo uoteshwe upya Ijumaa.

Mlangoni, Lukoa alimshika Zamda kiwiko. "Mwambie bibi aje Alhamisi," alinong'ona. "Siku hiyo saa ya ukutani itakuwa mbovu. Akae atakavyo."

*

Havijawa alikuja. Hakumsalimia Zamda, hakuitikia shikamoo yake. Lakini walipofungwa kofia alinyoosha mkono pembeni, akaushika mkono wa Zamda, akaubana kwa nguvu hadi pete ikauma.

Chausiku alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba.

"Vua ushungi," Havijawa alimwambia. "Nikusuke."

"Mama wee! Nisukwe nini, nywele zenyewe zimebaki tatu!"

"Hizo hizo tatu. Kaa chini."

Akakaa, akilalamika, kati ya magoti ya mama yake. Nywele zilikuwa mvi tupu, laini. Havijawa alizigawa kwa kidole, mstari kwa mstari, na kila alipofika juu ya sikio la kushoto alipapita taratibu. Chausiku alisimulia habari za mkwe wake mvivu, za bei ya chumvi, za ndoto aliyoota kuhusu ng'ombe. Mama yake aliitikia kila kitu. "Ehe. Kisha? Wewe ukamjibuje?" Alicheka mahali pa kucheka.

Zamda alisimama karibu na mfereji, akijifanya anatazama migomba. Hakuona kama anastahili kuwepo. Alitamani pawe na mtu wa kumwomba radhi kwa niaba ya wote hawa, yule msichana aliyeshiba, mwenyekiti na kipaza sauti chake, mbuzi. Hapakuwa na mtu. Maji yalipita tu miguuni pake, masafi.

Chausiku alisinzia, kichwa kikaegemea goti la mama yake. Havijawa alikuwa ameshamaliza kusuka, lakini alikaa vilevile na goti lake bovu, bila kulisogeza, hadi kivuli kikahama na jua likawafikia. Ndipo akaweka kiganja chake kati ya jua na uso wa binti yake.

Alipoamka, Chausiku alijipapasa kichwa. "Umenisuka vizuri, mama. Leo umenisuka kama mtoto mdogo."

"Haya," Havijawa alisema. "Acha niende."

"Sasa hivi? Na chakula?"

"Nimeshiba."

Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akautazama, akauachia. Kisha akashika njia ya kando ya mfereji bila kugeuka, fimbo ikigonga mawe, na Zamda nyuma yake. Walikuwa wameshafika mwisho wa migomba waliposikia miguu inakimbia uani, na ile sauti nene ikipaa juu ya majani.

"Mama! Usinikalie siku nyingi tena, eh? Njoo hata kesho. Unasikia? Njoo!"